Mwalimu Hajengwi kwa Matofali: Historia ya Uhaba wa Walimu Uganda



Ndugu wazazi na wanafunzi, kila muhula ukianza tunasikia malalamiko yale yale: watoto wamejaa darasani, mwalimu ni mmoja, na somo fulani halina wa kulifundisha. Wengi husema tatizo lilianza na elimu ya msingi ya bure mwaka 1997. La hasha. Ni la zamani zaidi, na sisi Waislamu tulilionja mapema.

SHULE ZA MISHENI

Uislamu uliingia Buganda kabla ya Ukristo. Kabaka Muteesa I alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867, ilhali wamisionari wa Kiprotestanti walifika 1877 na Wakatoliki 1879. Lakini Waingereza walipotawala, elimu waliiacha mikononi mwa misheni. Namilyango ilifunguliwa 1902, Budo 1906. Misheni zilijenga shule na zikajifunzia walimu wake zenyewe.

Wazazi wengi wa Kiislamu walichelea watoto wao kubatizwa, wakawazuia. Hofu yao ilikuwa na msingi, lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Tukapata wachinjaji, madereva na wafanyabiashara hodari. Walimu wa hesabu na sayansi tukawakosa.

KIBULI NA UMEA

Mwanamfalme Badru Kakungulu, mtoto wa Mwanamfalme Nuhu Mbogo, aliliona pengo hilo. Katika miaka ya 1940 chama cha elimu cha Waislamu, UMEA, kiliundwa chini ya uongozi wake, na ardhi yake ya Kibuli ikawa makao ya shule. Shule za Waislamu zikaongezeka. Swali likabaki: nani atasimama mbele ya ubao? Ikabidi kuajiri walimu Wakristo, na hata watu wasio na mafunzo. Ndiyo maana Kibuli ikawekwa pia chuo cha ualimu. Baadaye, mwaka 1988, Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale, nacho kimetoa walimu wengi.

Wazee wetu walifahamu kwamba tofali huchomwa kwa siku chache, lakini mwalimu huchukua miaka.

HESABU YA 1997

Januari 1997 serikali iliondoa ada katika shule za msingi, ikianza na watoto wanne kwa kila familia. Wanafunzi waliokuwa milioni 3 hivi mwaka 1996 walifika milioni 5 na zaidi katika mwaka mmoja. Ilikuwa neema kubwa, hasa kwa wasichana na watoto wa maskini. Lakini walimu wangetoka wapi?

Tupige hesabu pamoja. Mwalimu wa shule ya msingi wakati ule alisoma miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari na 2 ya chuo. Jumla ni miaka 13. Basi mwalimu mpya wa 1997 alipaswa kuingia darasa la kwanza mwaka 1984. Mwaka huo nchi ilikuwa vitani, na watoto wa Luweero walikuwa wakikimbia na wazazi wao. Pengo la 1997 lilikwisha kuchimbwa mapema. Mishahara midogo, inayochelewa, na ukosefu wa nyumba za walimu vijijini vikalipanua.

YALIYOFUATA

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Walimu wengi wa shule binafsi walikaa bila mshahara. Wakageukia bodaboda, kilimo na biashara, na baadhi hawakurudi tena. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Walimu wa masomo ya sanaa, walioachwa nyuma sana, wakagoma.

Tena Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada. Ni jambo jema, lakini hesabu imerefuka: miaka 7, 4, 2 na 3 ya chuo kikuu, yaani 16. Kijana wa familia maskini aliyekuwa akipitia chuo cha miaka 2 sasa ana safari ndefu zaidi ya kulipiwa.

FUNZO KWETU

Wanahistoria wa Sira wanasimulia kwamba baada ya vita vya Badr, mateka waliojua kusoma na kuandika walijikomboa kwa kufundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Elimu ilithaminiwa kama fidia ya mtu huru. Sisi leo tunamwambia mtoto, "Ukikosa alama, nenda ualimu." Kisha tunashangaa walimu hawapo!

Wazazi, mtoto wako mwenye akili akitamani ualimu, usimvunje moyo. Misikiti yenye mfuko wa elimu imtengee fungu mwanafunzi wa ualimu kama inavyomtengea wa udaktari. Nanyi wanafunzi, mwalimu wa mwaka 2040 yumo darasani leo. Huenda ni wewe.