Sudan: Vijana na wafanyakazi, kutoka reli ya Atbara hadi majiko ya wakati wa vita

Vita vilipozuka mjini Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, baina ya jeshi la Sudan linaloongozwa na Jenerali Abdel Fattah al-Burhan na Vikosi vya Msaada wa Haraka vya Mohamed Hamdan Dagalo, ofisi zilifungwa, mabenki yakaporwa na mishahara ikakatika. Walimu, wauguzi na watumishi wengine wa umma walikaa miezi mingi bila ujira. Katika mitaa mingi, waliowafikia kwanza hawakuwa maafisa wa serikali wala mashirika ya kimataifa, bali vijana wa mitaa hiyo hiyo. Ili kufahamu vijana hao walitoka wapi, hatuna budi kurejea nyuma, hadi katika mji wa Atbara.

Mji wa reli

Atbara, ulioko kaskazini mwa Khartoum, mahali Mto Atbara unapoingia katika Mto Nile, ulikuwa makao makuu ya reli tangu enzi ya utawala wa Waingereza. Hapo ndipo wafanyakazi wa reli walipoanzisha chama chao mwaka 1946, na mwaka uliofuata wakagoma ili kitambuliwe. Chama hicho kikawa chimbuko la harakati za wafanyakazi nchini Sudan.

Tangu wakati huo, mara mbili wanafunzi na wafanyakazi waliungana na kuangusha utawala wa kijeshi. Mnamo Oktoba 1964, baada ya polisi kumwua Ahmed al-Qurashi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum, mgomo mkuu ulimlazimisha Jenerali Ibrahim Abboud kuachia madaraka. Aprili 1985 mgomo wa namna hiyo ulimng'oa Jaafar Nimeiri. Omar al-Bashir, aliyetwaa madaraka tarehe 30 Juni 1989, alilielewa vyema somo hilo. Miongoni mwa hatua zake za awali ilikuwa kuvunja vyama huru vya wafanyakazi.

Kamati za mitaa

Vyama vilipozimwa, watu walijipanga kwa njia nyingine. Baada ya maandamano ya Septemba 2013 kupinga kupanda kwa bei ya mafuta, vijana walianza kuunda kamati za upinzani, mtaa kwa mtaa. Kwa upande wao, madaktari, walimu, wanasheria na waandishi wa habari waliunda vyama visivyotambuliwa na serikali, vilivyoungana chini ya Jumuiya ya Wanataaluma wa Sudan.

Tarehe 19 Desemba 2018 bei ya mkate mjini Atbara ilipanda kutoka pauni 1 hadi pauni 3, na watu wakamiminika mitaani, wanafunzi wakiwa miongoni mwa wa kwanza. Jumuiya ya Wanataaluma, iliyokuwa ikijiandaa kudai nyongeza ya kima cha chini cha mshahara, ikabadili dai lake: sasa ikamtaka Bashir aondoke. Tangu hapo kazi ziligawanywa. Jumuiya ilitangaza siku na njia za maandamano, nazo kamati za vijana zikawatoa watu majumbani na kuwalinda barabarani.

Tarehe 6 Aprili 2019 umati uliweka kambi mbele ya makao makuu ya jeshi, na siku tano baadaye Bashir akaondolewa. Tarehe 23 Aprili treni kutoka Atbara iliwasili Khartoum ikiwa imefurika waandamanaji hadi juu ya paa. Lakini alfajiri ya tarehe 3 Juni vikosi vya usalama viliishambulia kambi hiyo na kuua zaidi ya watu 100. Wafanyakazi walijibu kwa mgomo mkuu. Intaneti ikiwa imekatwa, kamati zilipeleka habari kwa mdomo na kwa karatasi, na tarehe 30 Juni umati mkubwa ukajaza tena barabara. Makubaliano ya kugawana madaraka baina ya raia na wanajeshi yalitiwa saini tarehe 17 Agosti 2019, kisha yakavunjwa na mapinduzi ya tarehe 25 Oktoba 2021.

Kutoka maandamano hadi sufuria

Vita vilipoanza, wanachama wengi wa kamati hizo waliingia katika Vyumba vya Dharura. Hivi ni vikundi vya kujitolea vinavyopika chakula cha pamoja, kutafuta maji na dawa, kuhamisha majeruhi na kuwasaidia wahudumu wa afya waliobaki kazini bila mshahara. Msingi wao ni desturi ya Wasudani iitwayo nafir, ambayo hapa kwetu tungeiita ujima au msaragambo: mtu hupiga mbiu, na majirani huja kumsaidia kuvuna au kujenga. Vijana wa Khartoum waliitumia desturi hiyo pia wakati wa mafuriko ya mwaka 2013.

Kazi hiyo ina hatari. Wanaojitolea wamekamatwa na pande zote mbili, na baadhi yao wameuawa. Aidha, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwanzoni mwa 2025, mamia ya majiko yalifungwa katika nchi ambayo tayari ilikuwa na njaa. Mwaka huo huo Vyumba vya Dharura vilitunukiwa Tuzo ya Rafto ya Norway na Tuzo ya Right Livelihood ya Sweden.

Wasudani waliokimbilia Uganda, wengi wao wakipokewa Kiryandongo, wanaijua historia hii kwa kuiishi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1964, 1985 na 2019 vijana na wafanyakazi wa Sudan waliungana ili kubadili utawala. Leo wanaungana ili jirani apate mlo wa siku, na katika mitaa mingi mlo huo ni mmoja tu.