Bima na Maradhi ya Akili

Leo twatazama jinsi Marekani ilivyotafuta usawa katika bima ya matibabu.

Mtu hulipa ada ya bima ili akiugua atibiwe. Lakini huko, kwa miaka mingi, aliyevunjika mguu alilipiwa vizuri, naye aliyeugua akili aliwekewa kikomo: fedha kidogo, siku chache za kulazwa, kisha ajitegemee.

Maseneta wawili wa vyama vinavyopingana, Pete Domenici na Paul Wellstone, walisimama pamoja, maana kila mmoja alikuwa na mgonjwa wa akili katika jamaa yake. Sheria yao ya mwaka 1996 ilikataza kikomo cha fedha cha maradhi ya akili kuwa chini ya kile cha maradhi ya mwili. Je, ikawaje? Mlango mmoja ulifungwa, mwingine ukabaki wazi: bima nyingi zilipunguza siku za kulazwa na idadi ya safari za kwenda kwa daktari. Tena waliotekwa na ulevi hawakutajwa.

Wellstone alikufa katika ajali ya ndege mwaka 2002. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria yenye majina ya wote wawili: bima ikilipia maradhi ya akili au ulevi, masharti yake yasizidi ugumu wa yale ya maradhi mengine.

Angalieni neno “ikilipia”. Sheria hiyo peke yake haikulazimisha bima kulipia.

Sasa zungumzeni darasani: kama ninyi mngalitunga sheria ya 1996, mngaliongeza maneno gani?