Wageni wa Kukhu Hawakuhesabiwa

Mwaka jana niliona tangazo la kazi: mshauri wa utetezi wa kanda katika shirika moja la misaada, ofisi Nairobi. Walitaka shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka saba. Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili karo iliponishinda, kwa hivyo sikutuma kitu. Lakini nilisoma lile tangazo mara tatu. Ukiondoa maneno ya ofisini, kazi yenyewe ni hii: wenzako wakigawa unga na mahema, wewe unaenda kwa serikali, mabalozi na wafadhili kuwaambia ni nani ameachwa nje na kwa nini. Nikasema, kumbe hii kazi naijua. Nikiwa mtoto, nyumba yetu ilihitaji mtu wa kuifanya.

Kwetu ni Tongaren, upande wa Naitiri. Ni nchi ya skimu, yaani mashamba ya walowezi yaliyokatwa vipande baada ya uhuru wakapewa watu wa kawaida. Asubuhi isiyo na mawingu unauona Mlima Elgon upande wa magharibi. Kule mlimani, Chebyuk, serikali ilianzisha skimu nyingine mwaka 1971. Ikagawa, ikabadilisha, ikagawa tena. Awamu ya tatu ndiyo iliyowasha moto. Kufikia 2006 kundi la Sabaot Land Defence Force lilikuwa limeshika bunduki. Human Rights Watch lilisema zaidi ya watu 600 waliuawa. Machi 2008 jeshi likaingia na Operesheni Okoa Maisha. Wanaume walizolewa vijijini wakapelekwa kambi ya jeshi ya Kapkota. Walionusurika walieleza mateso. Jeshi lilikanusha.

Senge, dadake baba, alikuwa ameolewa upande wa Cheptais. Alitufikia usiku mmoja mwaka 2007 kupitia Chwele na Kimilili, akiwa na watoto wanne, godoro moja na sufuria. Kukhu hakuuliza maswali. Alisema tu, "Ingieni," akaongeza maji kwenye mboga. Watoto tukawa tisa chumba kimoja. Majirani wakiuliza, Kukhu alijibu kwamba ana wageni. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Senge alilishika lile jembe miaka mitatu.

Kisha uchaguzi wa Desemba 2007 ukaharibika. Uwanja wa maonyesho wa Kitale ukajaa mahema, malori ya misaada yakaja. Senge alisikia watu wanaandikishwa mahali, akapanda matatu. Karani mmoja akamuuliza, hema lako ni namba gani? Hakuwa na hema. Alikuwa na mama.

Akarudi jioni mikono mitupu.

Nimekuja kujua baadaye kwamba yule karani alikuwa amekosea kabisa. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulipokea Kanuni Elekezi kuhusu wakimbizi wa ndani, kazi iliyoongozwa na Francis Deng, mwanadiplomasia wa Sudan. Kwa kanuni hizo, mkimbizi wa ndani ni mtu aliyelazimika kukimbia kwake bila kuvuka mpaka wa nchi. Basi. Hakuna hema katika maana hiyo.

Lakini Kenya ilikuwa na mazoea ya kuangalia kambi, si watu. Desemba 1994 kambi ya Maela, kule Naivasha, ilibomolewa na maafisa wa serikali, waliofurushwa kwenye vita vya kikabila wakapakiwa kwenye malori. Kambi ikiondoka, tatizo nalo linahesabiwa limeondoka.

Ndiyo maana takwimu ya serikali baada ya 2008 ni muhimu kuliko inavyoonekana: wakimbizi wa ndani 663,921. Takriban 350,000 walikuwa kambini. Wengine 313,921 walikuwa wamejichanganya na jamii, yaani walikuwa kwa ndugu, marafiki, au nyumba za kupanga. Karibu nusu! Na hiyo ni ya uchaguzi peke yake. Watu wa mlima walikuwa hesabu nyingine. Mei 2008 ilipoanza Operesheni Rudi Nyumbani, na shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 za kujenga upya, wengi wa waliokuwa kwa ndugu waliambulia patupu.

Hapo ndipo utetezi ulipofanya kazi. Tume ya haki za binadamu ya Kenya, UNHCR na mashirika ya kiraia walisukuma miaka kadhaa, na mwisho wa 2012 ikapatikana Sheria Namba 56 ya wakimbizi wa ndani. Maana yake ya mkimbizi, kama ile ya 1998, haitaji kambi.

Ila orodha za washauri hazianzii Geneva wala Nairobi. Kwetu, shirika dogo la Bungoma, Western Kenya Human Rights Watch, ndilo lililokusanya majina ya waliouawa na waliopotea mlimani. Mwaka 2008 mkurugenzi wake alilazimika kukimbia. Mtetezi wa wakimbizi akawa mkimbizi. Mashirika makubwa yalipoandika, na hata mwaka 2011 Human Rights Watch lilipotaja zaidi ya watu 300 waliopotea, msingi ulikuwa familia zilizokubali kutaja jina mbele ya mgeni mwenye kalamu.

Senge alirudi Cheptais 2010. Hajawahi kupata shilingi, na sheria iliyokuja baadaye haiwezi kumtafuta mtu ambaye hakuna aliyemwandika.

Kama uko Nairobi, wageni wa namna hii umewaona. Mafuriko ya 2024 yalipopiga Mathare, si wote walioenda shuleni au kanisani. Wengine walilala kwa binamu, kwa sofa, wiki mbili, mwezi. Labda walilala kwako. Kuna mtu alikuja kuuliza majina yao?