Gluteni na Pete za Vitunguu

Ukitoka Nanyuki kwenda Timau unapita kati ya mashamba ya ngano na shayiri yaliyotandazwa chini ya Mlima Kenya. Nafaka hizo mbili, pamoja na rai ya nchi za baridi, ndizo zenye gluteni. Mahindi, mchele, mtama, wimbi, mihogo na nduma hazina. Ndiyo maana anayeandika "bila ngano" kwenye pakiti amesema nusu tu ya habari, kwa kuwa shayiri hajaitaja.

Mtaalamu wa Bologna, Jacopo Bartolomeo Beccari, aliitenga gluteni mwaka 1728 kwa njia ambayo jiko lolote linaweza kuirudia. Kanda donge la unga wa ngano, kisha lioshe polepole kwenye karai la maji. Wanga utatoka na kuyafanya maji kuwa meupe, na mkononi kitabaki kitu cha kijivu kinachovutika kama mpira. Ni protini mbili, gliadini na glutenini, zilizoshikana baada ya kupata maji. Jaribu vivyo hivyo na unga wa ugali, hutabaki na kitu.

Kwa Kilatini neno lenyewe ni gundi. Nimewahi kutamani tuseme "ulimbo wa ngano", lakini ulimbo hugemwa mtini ukiwa tayari unanata, ilhali gluteni hujiunda pale unga unapoloweshwa. Basi na ibaki gluteni, na chakula kiitwe kisicho na gluteni.

Anayeihitaji istilahi hii kuliko wote ni mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye kinga ya mwili wake, akila gluteni, huushambulia utumbo wake mwembamba. Daktari Mholanzi Willem-Karel Dicke aliihusisha ngano na ugonjwa huo katika tasnifu yake ya mwaka 1950.

Sasa tuje kwenye karai la mafuta. Katika mkate gluteni ni nguzo, lakini katika rojo la kukaangia ni kero: ukilikoroga sana linakuwa gumu na la kutafunika. Wapishi wa tempura wa Japani hutumia maji ya barafu na kukoroga kidogo tu ili isijiunde. Kwa hiyo pete za vitunguu zisizo na gluteni si chakula cha kuhurumiwa. Nunua vitunguu vikubwa vya Kieni pale soko la Karatina, vikate kwa unene wa sentimita moja, utenganishe pete na kubandua ule utando laini wa ndani, maana ndio unaofanya ganda liteleze. Zipake unga mkavu wa mchele kwanza. Rojo ni unga wa mchele wa Mwea vikombe viwili kwa kimoja cha unga wa muhogo, yai, chumvi na maji baridi ya soda. Unga wa dengu nao hufaa, kama wapishi wa bajia wanavyojua. Ila dengu si ndengu, na muuza duka huenda akakupa hizo za pili.

Joto la mafuta nalo hutegemea mahali ulipo. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 94 hivi. Maji yaliyo ndani ya kitunguu pia yatachemka mapema, kwa hiyo kitunguu huchelewa kuiva huku ganda likikimbilia kuungua. Mapishi ya pwani yakisema nyuzi 180, wewe tumia 170.

Kigumu zaidi ni usafi wa unga. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu miligramu zisizozidi 20 za gluteni kwa kilo ya chakula, na poshomili iliyotoka kusaga ngano ya jirani huweza kukivuka hata kabla mchele wako haujaisha kupita. Mafuta yaliyokaangiwa mandazi asubuhi nayo hayafai, hata yakichujwa.