Jiwe na Samaki: Habari za Mali ya Greenland

Sufuria nyepesi ya alumini haikosekani mekoni kwetu, lakini ni wachache wajuao kwamba madini hayo yana habari ndefu katika nchi ya barafu iliyo karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Kwa miaka mingi alumini haikuweza kufanywa kwa gharama ndogo pasipo jiwe moja jeupe, na jiwe hilo lilichimbwa kwa wingi mahali pamoja tu, ndipo Ivittuut katika Greenland. Leo jiwe limekwisha, na wenyeji wa nchi wanaishi kwa samaki. Imekuwaje jiwe lililotakiwa na ulimwengu wote likaondoka lisiwaache matajiri, na samaki ndiye akabaki kuwa fedha yao? Hayo ndiyo nitakayoyaeleza.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Greenland ni kisiwa kikubwa kuliko visiwa vyote vya dunia. Eneo lake ni kilometa za mraba zipatazo 2,166,000, yaani zaidi ya mara mbili ya Tanzania. Walakini sehemu nne katika tano zimefunikwa na barafu ambayo mahali pengine unene wake wapita kilometa 3. Watu wake ni kama 56,000 tu, nao hukaa pwani, wengi upande wa magharibi. Hakuna barabara itokayo mji hata mji. Msafiri huenda kwa meli au kwa ndege, na kaskazini hukokotwa na mbwa juu ya barafu. Wenyeji ni wa taifa la Inuit, nao huiita nchi yao Kalaallit Nunaat.

Wazee wa watu hawa walifika kutoka magharibi yapata mwaka 1200. Katika nchi isiyoota mtama wala muhogo, sili alikuwa kwao shamba na duka. Nyama yake ilikuwa chakula, mafuta yake yaliwasha taa na kupika, na ngozi yake ilikuwa mavazi na mashua. Kusini waliwakuta watu wa kutoka Iceland, waliohamia huko yapata mwaka 985 wakiongozwa na Erik Mwekundu. Hao walifuga ng'ombe na kondoo, tena waliuza Ulaya pembe za mnyama wa bahari afananaye na sili, mwenye meno mawili marefu kama ya ndovu. Habari yao ya mwisho iliyoandikwa ni ya arusi katika kanisa la Hvalsey mwaka 1408. Baada ya hapo wakatoweka. Baridi ilizidi, na wako wataalamu wanaodhani kwamba pembe za ndovu kutoka Afrika, zilipofika Ulaya kwa wingi, zilishusha bei ya pembe zao. Ikiwa ndivyo, basi hao walikuwa wa kwanza katika nchi ile kuonja taabu ya kutegemea bidhaa ambayo bei yake yakatwa mbali.

Mwaka 1721 akaja Hans Egede, padre, pamoja na kampuni ya wafanya biashara wa Bergen. Hivyo mahubiri na biashara vilishuka katika jahazi moja. Tangu mwaka 1774 biashara yote ilishikwa na shirika la mfalme wa Denmark, na wageni wengine wakazuiwa. Mwindaji alileta mafuta na ngozi, akalipwa kwa bei iliyokwisha kuamriwa, naye akanunua bunduki, nguo na kahawa katika duka lilo hilo. Amri hiyo iliwakinga na walaghai wengi, lakini iliwazuia pia wasijifunze biashara.

Ndipo lilipokuja jambo la jiwe. Katika miaka ya 1850 watu walianza kuchimba krioliti huko Ivittuut. Mwanzo ilitumiwa kwa kufanya magadi. Kisha mwaka 1886 Charles Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa, kila mmoja pasipo kujua kazi ya mwenzake, waligundua njia moja. Kuyeyusha unga wa alumini peke yake kwataka moto upitao digrii 2,000. Lakini ukitiwa ndani ya krioliti iliyoyeyuka, huyeyuka kwa moto kama nusu ya huo; hapo umeme ukipitishwa, alumini hutengana na kushuka chini. Tangu hapo kila kiwanda cha alumini kikalitaka jiwe la Greenland.

Vita vya pili vya dunia vilipokuja, Ujerumani iliishika Denmark mwezi wa Aprili 1940. Ndege za vita zilihitaji alumini, basi Wamarekani wakalilinda shimo la Ivittuut, na jiwe likapelekwa Marekani na Kanada. Kwa fedha za jiwe hilo Greenland ilinunua Amerika chakula na vitu vyake vyote. Hapo ikaonekana kwamba nchi ile, mali yake ikiwa mkononi mwake, yaweza kujinunulia riziki. Lakini vita vilipokwisha mambo yakarudi kama zamani. Shimo lilifungwa mwaka 1987, na mji wa wachimbaji ukabaki mtupu. Sisi husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone; mgeni huyu alikuja, na aliyepona zaidi ni mgeni. Hata mwaka 2025 watu wa Denmark na Greenland walikuwa wakigombana juu ya hesabu ya fedha zilizotoka katika shimo lile. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na samaki je? Mnamo miaka ya 1920 maji ya bahari yalipata joto kidogo. Sili wakapungua kusini, na chewa wa bahari ya baridi wakaja makundi kwa makundi. Wawindaji wakalazimika kuwa wavuvi. Jambo hilo halikuwa jepesi, maana kwao heshima ya mwanamume ilikuwa katika kuwinda sili. Katika miaka ya 1960 meli za mataifa mengi zilivua hapo zaidi ya tani 400,000 za chewa kwa mwaka. Kisha maji yakapoa, uvuvi ulikuwa umepita kiasi, na chewa wakatoweka. Wavuvi wakageukia kamba na samaki bapa mkubwa wa jamii ya gayogayo. Leo zaidi ya sehemu tisa katika kumi za bidhaa ziuzwazo nje ni samaki.

Samaki wakawafundisha pia siasa. Mwaka 1973 Greenland iliingizwa katika Jumuiya ya Ulaya pamoja na Denmark, ijapokuwa wengi wa watu wake walikuwa wameikataa kwa kura. Meli za Ulaya zikapata haki katika bahari yao. Walipopata serikali yao ya ndani mwaka 1979, hawakukawia: walipiga kura mwaka 1982, wakatoka mwaka 1985. Tangu hapo Ulaya hulipa ili ivue.

Mwaka 2009 walipewa na haki ya madini yao. Denmark huwapa kila mwaka msaada uliowekwa kuwa kroner milioni 3,400 kwa bei za mwaka huo wa 2009, nao ni karibu nusu ya fedha za serikali yao. Sheria yasema kwamba mapato ya madini yakizidi kroner milioni 75 kwa mwaka, nusu ya ziada itapunguzwa katika msaada. Kwa hiyo wengi waliona kwamba njia ya uhuru hupita ndani ya mgodi.

Mlima wa Kuannersuit, karibu na mji wa Narsaq, una madini adimu yatakiwayo kwa mashine za siku hizi, lakini yamechanganyika na urani. Mwaka 2013 baraza liliondoa katazo la urani kwa kura 15 dhidi ya 14. Nchi ikagawanyika. Hawa walisema, Tuchimbe tujitegemee; hawa wakasema, Vumbi likiingia malishoni na baharini, tutakula nini? Katika uchaguzi wa Aprili 2021 waliopinga walishinda, na mwaka huo huo katazo likarudishwa kwa sheria.

Sisemi kwamba jiwe ni baya na samaki ni mwema. Nchi itegemeayo samaki peke yake ni kama nyumba ya nguzo moja, na habari ya chewa yatosha kuonyesha hivyo. Wala uhuru hauji bure. Lakini samaki akivuliwa kwa kiasi huzaa, na jiwe halizai. Atakaye kulitoa ardhini lazima kwanza ajue ni nani atakayeandika hesabu, na watoto watasalia na nini siku shimo litakapojaa maji. Watu wa Greenland walijiuliza hayo kabla ya kuchimba, kwa sababu Ivittuut hawakuulizwa.