Nasaba ya Bariadi imeandikwa wapi?

Huko Marekani mtu wa shamba akitaka kumjua babu wa babu yake hana haja ya kwenda mbali. Hupanda gari lake akaenda makao makuu ya kaunti, ambayo kwa kipimo chetu ni kama wilaya, akaingia katika jengo la mahakama, na karani akamtolea vitabu vya hati za mashamba, vya ndoa na vya mirathi. Asipotosheka, iko sensa. Wenzetu hao waliianza mwaka 1790, wanaifanya kila baada ya miaka 10, na majina ya waliohesabiwa hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Ile ya mwaka 1950 ilifunguliwa Aprili 2022, watu wakasoma majina ya wazazi wao, nyumba kwa nyumba.

Tusiwaonee wivu mno. Mmarekani mweusi anayerudi nyuma kwa njia hiyo hufika mwaka 1870 akagonga ukuta, kwa kuwa kabla ya hapo watumwa walihesabiwa chini ya bwana wao kwa umri na jinsia, bila majina. Kwa hiyo vitabu hivyo navyo vilichagua nani wa kukumbukwa.

Sasa mtu wa Bariadi aende wapi? Mkoa wa Simiyu wenyewe ni wa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga, na Busega ilikuwa sehemu ya Magu, mkoani Mwanza. Enzi ya Waingereza sehemu kubwa ya nchi hii iliitwa kwa jina moja tu, wilaya ya Maswa, katika Jimbo la Ziwa. Anayetafuta karatasi za Bariadi na asijue hilo atazunguka bure.

Lakini karatasi ni mgeni wa juzi. Msukuma aliitunza nasaba yake kwanza kwa jina. Mabula alizaliwa wakati wa mvua. Nzala alizaliwa mwaka wa njaa. Kulwa na Doto ni pacha, na anayewafuata ni Shija. Mayunga alizaliwa mama akiwa safarini. Ukimsikia mzee akitaja ndugu zake kwa mfululizo, unasikia pia hali ya mwaka ule na ya nyumba ile.

Tena hapakuwa na jina la ukoo linaloganda kama la Wazungu. Shija mwana wa Mabula ni Shija Mabula, na mwanawe Masanja ni Masanja Shija. Katika kizazi cha tatu jina la Mabula limebaki mwishoni tu, kama jina la babu, na katika cha nne limetoka kabisa. Ndiyo kusema majina matatu tunayojaza katika fomu za serikali ni dirisha la vizazi vitatu, na kila mtoto akizaliwa dirisha linasogea. Waliokuwa nje ya dirisha hilo walitunzwa na wazee wenye kazi ya kuita mizimu, yaani masamva. Walipotoa sadaka iliwapasa kuwataja wahusika kwa majina, na kwa upande wa baba na wa mama pia. Huwezi kumwomba marehemu radhi hali umesahau anaitwaje.

Na ng'ombe nao walikuwa kumbukumbu. Mahari ikilipwa, watoto ni wa ukoo wa baba. Isipolipwa, ndoa ikawa ya butende, watoto ni wa upande wa mama. Kwa hiyo swali la "wewe ni wa nani" lilijibiwa kwa kutaja ng'ombe wangapi walitoka boma gani kwenda boma gani, na mashahidi walikuwepo. Mashauri ya mahari yaliyoandikwa katika mabaraza ya wenyeji, kwa maoni yangu, yana nasaba nyingi kuliko kitabu chochote cha historia ya Usukuma.

Maandishi ya serikali yalikuja kwa nguvu baada ya mwaka 1926, Gavana Donald Cameron alipopitisha sheria ya serikali za wenyeji. Kutawala kwa kupitia watemi kulihitaji kujua mtemi halali ni yupi. Mabwana shauri wakaandika katika vitabu vya wilaya historia za makabila na orodha za watemi, na nakala zake zinasomwa hadi leo katika Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Ntuzu, Itilima, Kanadi na Dutwa zilikuwa himaya zenye watemi wake.

Hapa ninaomba tusome kwa uangalifu. Mzee aliyeketishwa mbele ya bwana shauri alijua kwamba orodha ile itaamua nani apate kiti na mshahara wake. Tena kwa desturi ya zamani mtemi hakurithiwa na mwanawe bali na mtoto wa dada yake, aliyechaguliwa na wazee waitwao banang'oma. Ni wakati wa mkoloni ndipo urithi ulipogeuka ukafuata baba. Basi katika orodha hizo jina lililo chini ya jina si lazima liwe la mwana wa aliye juu. Huenda ni mpwa wake. Na yule dada aliyewaunganisha hao wawili, ambaye ndiye shina lenyewe, mara nyingi hakuandikwa.

Wamisionari nao waliandika. Nassa, ambayo leo iko Busega, ilikuwa na misheni ya Kianglikana tangu miaka ya 1880, ikachukuliwa na African Inland Mission mwaka 1909. Upande wa Katoliki walikuja mapadri wa Maryknoll, Wamarekani hao hao wa vitabu vya kaunti. Kitabu cha ubatizo kina jina la mtoto, la wazazi na la msimamizi, na pembeni huongezwa ndoa yake. Ni hazina, ingawa kwa zamani mwandishi alitumia Kilatini, na Mabula aliyeingia kanisani alitoka akiwa Joannes.

Kisha yakaja mambo mawili. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kwa sheria, na ofisi za watemi pamoja na daftari zao za kodi zikakosa mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Msukuma aliyekuwa akiishi mbali mbali, mzee wa mji akizikwa bomani mwake, akahamia kwenye mstari wa nyumba kijijini, na makaburi yakabaki porini. Wengine walikwisha kuhama na ng'ombe wao kwenda Geita, Rukwa, Usangu. Wajukuu wao wanasema "sisi asili yetu Bariadi" na hapo ndipo wanapokomea.

Hasara yake haiwahusu wanahistoria peke yao. Kaka wawili, mmoja ameandikwa Ng'wandu kama jina la baba, mwingine Mwandu, kwa sababu karani wa shule hakuizoea ng'w. Baba akifariki, benki inaona watu wa baba wawili. Mjane anahangaika na viapo, nauli inakwisha, na fedha zimelala.

Anapofika Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, mjane huyo hudaiwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao kinakaa kweli, chini ya mti au sebuleni, na wazee waliobaki wapo wote. Wanaandika jina la marehemu, wake zake, watoto wake, nani awe msimamizi, kisha wanatia sahihi au dole gumba. Karatasi inaingia katika jalada na kufungiwa kabatini. Karibu kila mara inaanzia kwa marehemu na kushuka chini kwa watoto, haipandi juu. Ingetosha kuongeza mistari mitatu kabla ya kutia sahihi: baba wa marehemu na boma alilotoka, mama wa marehemu na boma alilotoka, na majina yote mawili iwapo moja huandikwa kwa ng'w na jingine kwa mw. Wazee wanaoyajua hayo tayari wameketi pale.