Mbwa Waliotenganishwa na Masikio

Lau ungaliletewa mbwa wawili wadogo, msomaji, mmoja aitwaye Norwich na mwingine Norfolk, ukaambiwa uchague mmoja wa kumfuga nyumbani, bila shaka ungalisimama kitambo ukitazama huku na huku. Wote wawili ni wa jamii ya teria. Kila mmoja ana kimo cha sentimita 25 hivi mabegani, na uzito wake ni kilo 5 au kupita kidogo. Miguu yao ni mifupi, kifua kimejaa, na manyoya yao ni makavu yenye kukwaruza mkono. Tena rangi zao ni zile zile, nyekundu, au ya ngano iliyoiva, au nyeusi yenye hudhurungi. Ukiwatazama kwa nyuma huwezi kusema yupi ni yupi. Hata watakapogeuza vichwa ndipo utaona: masikio ya Norwich yamesimama wima yenye ncha, na ya Norfolk yamekunjwa mbele yakalala karibu na shavu.

Je, masikio tu? Naam, hapo mwanzo ilikuwa masikio tu. Mbwa hawa hawakuwa aina mbili bali aina moja, na habari ya kutengwa kwao si ya zamani sana. Mtu atakaye kuchagua baina yao yafaa aijue, kwani yale yatakayompata baadaye nyumbani kwake yametokana nayo.

Jina teria limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya ardhi, maana mbwa hao waliwekwa ili waingie mashimoni kuwafukuza mbweha na kuwaua panya. Katika mashariki ya Uingereza, nchi ya mashamba ya nafaka, mbwa mdogo mwepesi alikuwa mali ghalani na katika mabanda ya farasi. Wakulima wale walimpima mbwa kwa idadi ya panya, wala hawakujali masikio yake. Katika miaka ya 1880 mtu mmoja wa Cambridge, Charles Lawrence, alikuwa akiwauzia wanafunzi wa chuo kikuu vijibwa vya namna hiyo. Vijana wale walivipenda mno, wakaviita kwa jina la njia ya Trumpington iliyo mjini mle. (Yaonekana wanafunzi wa chuo hawakupungukiwa na panya vyumbani mwao.)

Baadaye mfunza farasi aitwaye Frank Jones aliwazalisha mbwa hao huko Market Harborough, akawauzia matajiri waliokuja kuwinda kwa farasi. Wengine walikuwa Wamarekani. Mnamo 1914 dume mmoja, jina lake Willum, alivushwa bahari mpaka Philadelphia, akawa na wazao wengi; kwa miaka mingi Wamarekani waliwaita mbwa hao kwa jina la Jones mwenyewe.

Sasa tazama jinsi karatasi zilivyoingia. Uingereza ina chama kiitwacho Kennel Club, kilichoanzishwa mwaka 1873, ambacho huandika vizazi vya mbwa daftarini na kutangaza sifa za kila aina. Mwaka 1932 chama hicho kilimpokea mbwa wetu kwa jina la Norwich, ambao ni mji mkuu wa jimbo la Norfolk. Sifa zake zilipoandikwa, masikio ya namna zote mbili yalikubaliwa. Wamarekani walifuata mwaka 1936.

Lakini mfugaji hutaka kujua atakachopata. Wakipandishwa mbwa wa masikio yaliyosimama na wa masikio yaliyolala, mara nyingi watoto walitoka na masikio yasiyo huku wala huko, moja likijaribu kusimama na jingine likianguka. Mbwa wa namna hiyo hakupata tuzo katika maonyesho. Kwa hiyo wafugaji wakaanza kujitenga wenyewe, hawa upande huu na hawa upande ule, hata kabla ya chama kusema neno. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, chakula kikawa haba na ufugaji ukapungua sana, na wale wa masikio yaliyolala walikaribia kutoweka. Waliokolewa hasa na bibi mmoja, Macfie, aliyewashikilia na kuwazalisha wakati watu wengi walikuwa wamekwisha waacha. Nadhani bila yeye leo pasingekuwa na la kuchagua.

Mwisho, mwaka 1964, Kennel Club ilikata shauri. Wenye masikio yaliyosimama walibaki na jina la Norwich, na wenzao wakapewa jina la jimbo, Norfolk. Ni kama ndugu wawili wa nyumba moja, mmoja aitwe Maralal na mwingine Samburu. Kanada ilifanya vivyo hivyo mwaka 1977, na Marekani mwaka 1979. Jambo la ajabu ni kwamba sifa zilizoandikwa husema kovu alilolipata mbwa kwa kazi ya haki lisihesabiwe kuwa dosari. Kovu lilisamehewa, mkunjo wa sikio ukagawa ukoo.

Utasema haya ni mabishano ya watu wenye nafasi nyingi, na mimi sitakupinga sana. Ila ukuta uliojengwa daftarini ulizuia damu kupita. Tangu siku ile Norwich huzaa na Norwich, Norfolk na Norfolk, nao walikuwa wachache tangu awali. Penye wachache, ndugu huzaa na ndugu, na udhaifu wa babu mmoja huenea kwa wajukuu wengi. Basi leo tofauti zao hazikomei masikioni. Norwich wengi wana njia nyembamba ya pumzi: huhema kwa kelele, na wakati wa joto au mbio huweza kuzidiwa. Watu walidhani sababu ni ufupi wa pua, mpaka mwaka 2019 watafiti, wakiwamo wa Taasisi ya Roslin karibu na Edinburgh, walipoonyesha kwamba kuna badiliko katika chembe za urithi linalohusika na ugonjwa huo. Tena majike wa Norwich huzaa watoto wachache, na mara nyingi kwa kupasuliwa. Norfolk naye husumbuliwa zaidi na moyo, kwani vali yake moja huchakaa na kuvuja damu.

Kwa hiyo, ukipata kuchagua baina ya hawa wawili, usianze na sura. Kwa tabia wamekaribiana sana: wote ni wachangamfu, hupenda watu, huchimba bustani, na akipita panya au sungura hawasikii wakiitwa. Nchi ikiwa ya joto, kama pwani yetu, mimi ningemwogopea Norwich kwa ajili ya pumzi yake. Nenda kamtazame mama wa watoto hao, umkimbize kidogo uwanjani, kisha usikilize anavyohema. Ukipewa Norfolk, uliza kama daktari wa mifugo amesikiliza mioyo ya wazazi wote wawili, na kama wamefika umri mkubwa bila taabu. Mfugaji akikasirika kwa kuulizwa, tafuta mwingine.

Na usitegemee kuwatambua watoto kwa macho. Watoto wa aina zote mbili huzaliwa masikio yao yamelala, na ya Norwich huchukua majuma kadhaa kabla ya kuinuka.